Kambale wa Siku Arobaini

Vijana wangu wa ugani, siku mliyoniaga pale ofisini mlinipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kidogo kwa mtu ambaye serikali imeshamwambia hana pa kuwahi. Nikaahidi kwamba nitaandika machache kuhusu kazi, mkapiga makofi, nadhani kwa sababu hamkuamini. Basi nimeandika. Vyeo nimeviruka kwa kuwa vilikuwa vichache, na mishahara nimeiruka kwa kuwa mnaijua. Nitaeleza zaidi jambo ambalo chuoni hamkufundishwa na hamtafundishwa, yaani namna ya kufanya kazi Uluguru kati ya Pasaka na Kupaa Bwana.

Nilipanda mlima mara ya kwanza nikiwa na miaka ishirini na minne, nikiwa na cheti kipya na buti zilizonibana. Nilikuwa nimepanga chumba mjini, mtaa wa Kilakala, na kwa kuwa mlima niliuona dirishani nilidhani ni karibu. Aliyenipokea ni Mzee Mhando, bwana shamba mkongwe, Mwislamu wa Handeni, mtu mwembamba aliyeweza kupanda mteremko huku anasimulia hadithi ndefu bila kuhema. Mfukoni alibeba kisu, kijidaftari na kamba ya katani yenye mafundo ya kupimia. Hiyo ndiyo ilikuwa ofisi yake.

"Karatasi usiitoe mpaka uombwe," aliniambia njiani. "Mtu akikuona na karatasi anajua umekuja kumwandika. Na ukimkuta shambani, usianze na uso wake. Tazama udongo ulioganda miguuni. Huo haudanganyi."

Ushauri huo ulikuwa mzuri, na nimeutumia hadi mwezi wa mwisho wa kazi. Ushauri mwingine, ambao ungenifaa zaidi siku ile, alinificha makusudi.

Kijiji chenyewe sikitaji, kwa kuwa bado ninapenda kwenda kula huko. Kiko juu ya misheni, na kabichi zake hulimwa kwenye mteremko ambao mbuzi wa kwetu Mbulu angefikiri mara mbili. Tulifika wiki ya pili baada ya Pasaka, mvua ikiwa imepumzika, watu wanapalilia. Nilijiandaa kwa maswali: wewe nani, umetumwa na nani, unataka nini. Hakuna aliyeuliza. Nilitoa shikamoo, nikaitikiwa marahaba, nikaletewa kigoda, nikanawishwa mikono. Wote waliacha majembe wakanizunguka wakitabasamu. Moyoni nilijisifu. Nilijiambia kwamba kumbe nina kipaji, watu wananipenda kabla sijafungua mdomo.

Kisha nikaletewa kambale. Alikuwa mkavu, wa moshi, kanunuliwa soko la Mwembesongo kabla ya Ijumaa Kuu, kakunjwa duara na mkia wake umeingizwa mdomoni, kisha kachomwa tena juu ya makaa. Mimi nimezaliwa kwa wafugaji, na bibi yangu alimweka samaki fungu moja na nyoka. Huyu hata hakujaribu kuficha undugu huo.

"Ahsanteni sana, nimeshiba," nikasema. Ilikuwa saa saba mchana na nilikuwa nimepanda mlima tangu alfajiri.

Tabasamu zote zikaondoka. Mama mmoja wa makamo, Mama Kandida, aliweka jembe chini, akaja hadi pale nilipokaa, akanifinya mkono juu kidogo ya kiwiko. Alifinya kama mtu anayechagua parachichi sokoni.

"Nyama ipo," akawatangazia wenzake. "Lakini hali."

Mchana ule nilizungumza nusu saa nzima kuhusu nafasi kati ya mche na mche. Walinisikiliza kwa adabu, wakiwa wamesimama mbali kidogo.

Tulipokuwa tunashuka ndipo Mzee Mhando aliponieleza. "Bwana wao alipofufuka," alisema, "hakuondoka siku hiyohiyo. Alizunguka duniani siku arobaini kabla ya kupaa, na karibu kila aliyekutana naye alikosea kumtambua. Mwanamke wa kwanza alidhani ni mtunza bustani. Wawili wengine walitembea naye njia nzima wakimsimulia habari zake mwenyewe, wakamtambua mezani. Na wale wafuasi wake walidhani wameona mzimu, mpaka alipoomba chakula, akapewa samaki, akala mbele ya macho yao."

Hayo niliyajua, mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa. Nisichojua ni kile ambacho kijiji kile kilikuwa kimefanya nayo. Kwanza, kosa la yule mwanamke wa bustani hawakuliona kubwa hata kidogo. Kama Bwana alionekana mkulima wa mboga, kwao hilo lilikuwa jambo la kutarajiwa. Pili, waliamua kwamba makosa mengine hayatarudiwa kwao. Kwa hiyo kuanzia Pasaka hadi Kupaa, mgeni yeyote anayetokea shambani au mlangoni haulizwi jina mpaka ale, na kitu cha kwanza kupewa ni samaki, maana mzimu hauli samaki.

"Ina maana walidhani mimi ni Yesu?" nikauliza.

"Hapana, walikuona kabisa kwamba ni wewe," alisema Mzee Mhando. "Ila hawapendi kubahatisha." Kisha akakaa juu ya jiwe akacheka mpaka baraghashia ikamwanguka.

Tangu siku hiyo nikaitwa Bwana Mzimu. Mnalijua jina hilo, mlikuwa mkilinong'ona koridoni mkidhani sisikii.

Mzee Mhando alikuwa gwiji wa siku zile arobaini kuliko hata padri. Alikuwa amegundua kwamba mgeni aliyekula samaki husikilizwa hadi mwisho na hakatishwi. Basi habari zote ngumu za mwaka, kung'oa migomba yenye ugonjwa, kuacha kuchoma majani, kutolima hadi ukingoni mwa kijito, alizirundika akazipeleka kati ya Pasaka na Kupaa. Alikula kambale kwenye kaya sita kwa siku, akashuka jioni ameshika tumbo na kijiji kizima kimekubali. Wakubwa mjini walishangaa mbinu yake. Kwenye ripoti aliandika "ushirikishwaji wa jamii."

Mimi nilibaki kufanya kazi kwa njia ngumu. Nilikwenda baada ya Kupaa, wakati sheria zimelegea na watu wanakujibu wanavyotaka. Nilitukanwa kwa Kiswahili na kwa Kiluguru, na nilijifunza mengi kwa lugha zote mbili. Samaki sikumla. Mzee Mhando alistaafu, akarudi Handeni, akafa huko, Mungu amrehemu, na mimi bado sijamla.

Sasa niwaeleze kosa langu, kwa sababu mnapenda kuniita mtaalamu. Chombo nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa ile miti mitatu iliyopigiliwa mfano wa herufi A, jiwe likining'inia katikati kwa kamba. Jiwe likitulia kwenye alama unajua kwamba miguu miwili iko usawa mmoja, unaweka kigingi, unasogea. Kwa chombo hicho unaweza kuuzungushia mlima mfereji wa kukinga maji bila kukosea hata kidole. Nilikuwa kijana, nilitaka kila mteremko uwe na mfereji. Waluguru na matuta ya kukinga maji wana ugomvi wa zamani, babu zao waliyakataa ya mkoloni na wakahakikisha wajukuu wanajua. Wote walinikatalia.

"Huo mfereji utaunywesha mlima mpaka utapike," alisema Katekista Bonifasi, ambaye alikuwa rika langu na mbishi wangu mkuu.

Aliyekubali ni Mama Kandida peke yake. Shamba lilikuwa la ukoo wa mama yake, kwa hiyo neno lake lilitosha. Nilimuuliza kwa nini yeye. "Nilikufinya mwenyewe," akasema. "Najua nyama ipo." Tulichimba mfereji mrefu juu ya nyumba yake, mzuri, umenyooka, nikaupiga picha.

Miaka ikapita. Mama Kandida akawa Bibi Kandida, Katekista akapata mvi, buti zangu zikapata upana. Kila masika mfereji ulijaa maji na kuyashika vizuri kabisa kama nilivyotaka. Hayakushuka kwenye mashamba ya chini. Yalizama palepale, mwaka baada ya mwaka, ndani ya udongo ulio juu ya kitanda cha mwanamke yule.

Miaka mitatu kabla sijastaafu tulipata masika ambayo hayakupumzika. Wiki ya sita baada ya Pasaka, siku ya Jumatatu, Katekista alinipigia simu akasema kuna ufa. Nilipanda. Ulikuwa umefuata mfereji wangu kwa urefu wake wote, kana kwamba na wenyewe ulipimwa. Nilipigilia kigingi upande huu na kigingi upande ule, nikafunga kamba kati yake. Jumatano kamba ilikuwa imekaza. Ijumaa asubuhi nilikuta imekatika.

Kaya tano za chini yake zilikubali kuhamia shule ya misheni siku hiyohiyo. Bibi Kandida alikataa. Tulimkuta amekaa mlangoni anachambua maharage, mlango uko wazi, makaa yanawaka.

"Shikamoo bibi," nikasema. "Mlima unakuja."

"Marahaba. Nimesikia," akajibu. "Nitaondoka Jumatatu. Sasa hivi ni siku za Mgeni. Tangu nimeolewa sijakosekana nyumbani siku hizi, akija akute nani?"

Katekista akachuchumaa mbele yake. "Bibi, siku arobaini ziliisha jana, Alhamisi. Hesabu mwenyewe kwa vidole."

"Padri ametangaza tunasali lini Kupaa?"

Katekista alijua anakopelekwa, lakini katekista hawezi kusema uongo hadharani. "Jumapili," akasema. "Ila hiyo ni kuhamisha tu, ili watu wapate nafasi ya kuja kanisani."

"Alitangaza altareni au sokoni?"

"Altareni."

"Basi bado yupo."

Niliona nafasi yangu. Nikamwambia kwamba sisi Walutheri tumesali Kupaa jana, kwa hiyo kwa upande wetu Bwana ameshaondoka. Aliniangalia kwa huruma ya kweli. "Nyie mmemwahisha," akasema, akaendelea na maharage.

Katekista akajaribu tena. Alimkumbusha kwamba Bwana aliyefufuka aliwatokea wafuasi wake milango ikiwa imefungwa, kwa hiyo nyumba kufungwa si kikwazo kwake.

"Kupita mlango uliofungwa ni uwezo wake," alisema Bibi Kandida. "Kumfungia ni utovu wangu wa adabu. Msichanganye."

Tukatoka. Juu yetu mlima ulikuwa umenyamaza, na maji yalikuwa yanachuruzika mahali ambapo hapakuwa na kijito. Nataka mjue nilivyojisikia, kwa sababu kwenye ripoti halikuwapo pengo la kujaza hilo. Niliogopa. Mfereji ule niliupima mimi. Watu wote walinikatalia, akanikubalia huyu mmoja, na sasa anakaa chini yake anachambua maharage.

"Njia ipo moja," alisema Katekista tulipofika kwenye migomba. "Mgeni wa siku hizi akishakula, mwenyeji humsindikiza. Si kama sisi tunavyosindikizana hadi barabarani. Wale wawili wa kwenye Injili walitembea na mgeni wao naye akajifanya anaendelea mbele. Kwa hiyo huku mwenyeji hageuki mpaka mgeni atamke mwenyewe, rudi."

"Na asipotamka?"

"Haijawahi kutokea. Watu wana haya."

Haya si tatizo langu, mnanifahamu. Tatizo lilikuwa lile neno, akishakula.

Jumamosi asubuhi nilipita njia ya nyuma, kupitia kabichi, bila chombo wala daftari, nikabisha hodi. Mwanamke yule alinifahamu kwa miaka zaidi ya thelathini. Alijua jina langu, la mke wangu na la mbwa wetu. Alinitazama kuanzia buti hadi kofia.

"Karibu, mgeni," akasema, akanisogezea kigoda.

Alimtoa kambale kwenye ungo wa juu ya jiko, akamweka makaani, akamgeuza, akaniletea kwenye sahani ya bati. Mkia ulikuwa mdomoni, kama siku ile. Nilimwomba Mungu wa madhehebu yote mawili. Kisha nikala. Alikuwa na ladha ya moshi, chumvi na kitu kilichowahi kuishi kwenye matope na kuyafurahia. Nilitafuna hadi miiba, kwa kuwa sikujua kwamba huwa inatolewa. Machozi yalinitoka na sikuyafuta, maana mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Bibi Kandida hakupepesa macho mpaka sahani ikawa tupu.

"Kumbe ulikuwa mtu," akasema.

Nikanawa, nikashukuru, nikaomba njia. Alichukua kanga na mwamvuli, akaacha mlango wazi, akatoka nami. Tulipita migomba. Tulivuka kijito cha kwanza, tukavuka cha pili, yeye mbele kwa sababu alijua mawe yasiyoteleza. Tulizungumza habari za njegere. Kwenye mteremko wa makaburi alisimama.

"Mgeni, hapa ndipo watu wanapoagana."

"Mimi naendelea mbele," nikasema.

Alivuta pumzi, akafungua mwamvuli, akatembea. Alisimama tena kwenye daraja la miti, na tena kwenye kona ya misheni, na kila mara nilimjibu vilevile huku nikitazama miguu yangu, kwa sababu usoni nisingeweza. Tulipofika uwanja wa shule, wale wa kaya tano wakatoka madarasani kutulaki. Aliwaangalia, akaniangalia mimi.

"Ulichokuwa unafanya nilikijua tangu kijito cha kwanza," alisema.

"Mbona ulikuja, bibi?"

"Hukuniambia nirudi."

Mlima ulishuka saa nane mchana. Haukufanya kishindo kikubwa kama mnavyofikiria, ni mngurumo mrefu, kisha harufu ya udongo mbichi iliyotufikia hadi pale uwanjani. Mvua ilipopungua tuliona kovu jekundu kutoka kwenye mfereji wangu hadi bondeni. Nyumba, jiko, migomba, vyote havikuwapo. Nilikaa chini kwenye tope nikalia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya wanafunzi na walimu wao, nikamwambia kwamba mfereji ule ulikuwa wangu.

"Tuliuchimba wote," alisema Bibi Kandida, akanifunika na mwamvuli wake. Baadaye kidogo akasema, "Sahani uliyolia samaki sikuiosha." Hilo tu ndilo lililomtoa machozi.

Kesho yake walisali Kupaa, nami nilikuwepo, kwa mara ya pili wiki ile. Mbingu ilikuwa imefunguka. Watu wote walitoka kanisani wakasimama wakitazama juu, na hakuna aliyekuwa anatazama mawingu.

Tangu hapo Bibi Kandida anaishi kwa mpwa wake karibu na misheni. Ukoo wake umemtaka mara kadhaa arudi kwenye ardhi ya mama yake ajenge upya pembeni ya lile kovu. Mlima ule haujatulia. Nimeupima kila mwaka, na mara ya mwisho nimeupima kabla ya kukabidhi vifaa. Yeye huwajibu ukoo jibu moja: mgeni hajaniambia nirudi. Lakini moyo wake uko kule. Kila Jumatatu ya Pasaka ananipigia simu hapa Kingolwira ninakofuga kuku, tunasalimiana, tunaulizana habari za masika, kisha anasema kwa upole, "Mgeni, sema basi lile neno." Nami namuuliza bei ya njegere.

Mwaka huu hakukubali mazungumzo yahamishwe. "Bwana shamba," alisema, "hutaki kulisema?"

"Sitalisema, bibi."

"Na ukifa?"

Nilikuwa sijalifikiria. Nikamuuliza yeye mwenyewe, kwa sheria zao, mgeni akifa kabla hajatamka inakuwaje.

"Atakuwa amepaa," alisema, na nikasikia kwamba anatabasamu. "Aliyepaa tunamwangalia kidogo, kisha kila mtu anarudi kwake."

Kwa hiyo mkiniona hospitali ya mkoa kila tarehe moja, nimepanga foleni ya dawa za presha nyuma ya vijana wenye haraka zao, msinipishe kwa huruma. Nikikosa kidonge kimoja, yule mwanamke anaanza kufungasha.